Mchele wa Msiba Wangu

Hebu niambie, wewe umewahi kupikia wageni mchele wa msiba wako mwenyewe? Mimi nimewahi, na iliki niliutia.

Ilikuwa Jumatano, kama saa tano asubuhi. Nilikuwa nimekaa barazani kwangu Mabatini, nachambua maharage ya njano kwenye ungo. Yalikuwa na mawe mengi, nakumbuka, kila konzi mawe mawili matatu. Nyumba zetu zimekaa juu ya majabali, gari haliwezi kufika mlangoni, kwa hiyo mgeni yeyote namwona tangu anaanza kupanda ngazi. Nikaona gari jeupe limesimama kule chini. Wakashuka wanawake watatu na mwanamume mmoja. Wanawake wamejifunga kanga juu ya sare za kazi, mwanamume amebeba mfuko wa mchele begani. Wakapanda taratibu, vichwa chini, hawasemezani.

Nikajisemea, masikini, kwa nani tena?

Wakanijia mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Poleni na ngazi."

"Hapa ndipo kwa kina Najat?" aliuliza aliyetangulia, mwanamke mnene kiasi, mwenye mwanya. Huyo ndiye Jovina, msimamizi wa wasafisha vyumba katika hoteli aliyokuwa akifanyia kazi mjukuu wangu Najat.

"Ndipo."

Machozi yakamlenga. "Pole sana, mama. Tumepokea habari kwa masikitiko. Marehemu ameshazikwa, au tumewahi?"

"Marehemu yupi, mwanangu?"

"Bibi yake Najat. Bibi Mwaija."

Nikaweka ungo chini, nikapangusa mikono kwenye kanga.

Bibi Mwaija ni mimi.

Sasa nirudi nyuma kidogo, usije ukamwona mjukuu wangu mtu mbaya. Najat ni mtoto wa binti yangu Shamsa. Nimemlea mwenyewe tangu ana miaka minne, maana mama yake ana duka la vitenge Misungwi na hakai. Mtoto wa akili nyepesi, mcheshi, mikono haitulii. Mimi huniita mke mwenza, kama wajukuu wafanyavyo, eti babu yake alituoa wote wawili.

Alipofika miaka ishirini na mbili, mwezi wa tatu, aliacha kulala. Halali, hachoki, anaongea mpaka mate yanamkauka, ana mipango kumi kabla ya chai. Alinunua rangi ya bluu akapaka nyumba yangu yote, ndani na nje, kwa siku mbili. Nyumba ilipokwisha akaanza kupaka jabali lililo nyuma ya choo. Kisha, mwezi wa nne, akalala wiki sita. Hataki kuchana nywele, hataki dirisha lifunguliwe. Nywele nilimchana mimi, fungu kwa fungu, naye amelala ubavu.

Majirani walisema jini. Wengine walisema mapenzi. Tulizungushwa huku na kule, na sitasema na nani, maana bado tunasalimiana nao. Mwisho tukafika hospitali. Daktari akasikiliza muda mrefu, akasema ugonjwa huu unaitwa bipola. Muuguzi ndiye aliyenifafanulia kwa lugha ya kunitosha. Hisia za mtu zinapanda kupita kiasi, halafu zinashuka kupita kiasi. Si tabia, si uvivu, si jini. Vidonge kila siku. Kliniki kila mwezi, apimwe na damu. Na alale saa zilezile kila usiku. "Bibi," aliniambia, "kwa huyu usingizi ni dawa, usiuchezee." Mimi niliishia darasa la saba, lakini mwandiko ninao. Nilirudi nyumbani nikaandika nyuma ya kalenda, kwa herufi kubwa, USINGIZI NI DAWA, nikabandika ukutani juu ya ndoo ya maji.

Akapata nafuu. Akapata na kazi, maana alisomea mambo ya hoteli. Wakamweka mapokezi, hoteli moja nzuri kando ya ziwa. Siku hiyohiyo Shamsa akapiga simu kutoka Misungwi.

"Kazini usiseme. Umenisikia, Najat? Ukisema, hawatakuona wewe tena, watauona ugonjwa."

Najat akasikia. Na mimi nilisikia, simu ilikuwa kwenye spika. Nikanyamaza, nikaona mama mtu kasema.

Tabu ya kwanza ilikuwa zamu. Wiki hii mchana, wiki ijayo usiku. Wiki za usiku zilipofuatana mbili, nikamwona anaanza kuongea haraka. Kule hotelini akawa anampa kila mgeni chumba kinachotazama ziwa, hata aliyelipia cha kutazama ukuta. Vyumba vilipokwisha akawa anawaomba wageni radhi, eti ziwa limejaa. Meneja mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili hakucheka.

Tabu ya pili ilikuwa kliniki. Kliniki ni Jumatano, na Jumatano ni siku ya kazi. Ukisema unaumwa, hoteli inataka karatasi yenye mhuri, na mhuri wa kliniki ile unasema waziwazi ni ya nini. Lakini msiba! Kwetu msiba hauombwi karatasi. Hakuna bosi atakayekudai cheti cha kifo cha shangazi yako. Basi Najat akaanza kuua ukoo. Alianza na shangazi wa Misungwi. Mwezi uliofuata, babu mdogo wa Ukerewe. Akafuata mjomba wa Buhongwa, ambaye siku hiyohiyo alikuwa kwangu anakula mihogo. Kufika msiba wa nne hakuwa na wa kumtaja bila kurudia, akanitaja mimi.

Hapo ndipo alipokosea. Kwa shangazi wa mbali watu hutoa pole ya mdomo, kesho yake yamekwisha. Lakini bibi aliyekulea? Kwa huyo watu hawawezi kukaa. Watachanga, watatafuta gari, watakuja.

Na ndio hao wakawa wamesimama barazani kwangu.

"Bibi Mwaija ni mimi," nikawaambia.

Mwanamume akashuka ngazi mbili nyuma, mfuko bado uko begani.

"Mama, usitutanie," Jovina akasema kwa sauti ndogo.

"Nishike basi."

Akanishika kweli. Akaubonyeza mkono wangu kama mtu anayechagua parachichi.

Wakati huo jirani yangu Mzee Abubakary, fundi saa, alikuwa ameona kanga na mchele kupitia dirisha lake. Akatoka mbio, kanzu ameivaa nje ndani.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun! Bi Mwaija, nani tena?"

"Mimi."

"Wewe? Lini?"

"Jana, wanasema."

Akanuna. Wallahi alinuna. "Na mimi jirani wa ukuta kwa ukuta nisiambiwe!"

Mwanamke mmoja akashindwa, akaangua kicheko. Akafuata wa pili. Yule mwanamume akatua mfuko chini akacheka huku ameinama. Jovina alikuwa wa mwisho, lakini alipoanza alilazimika kushika nguzo ya baraza.

Kicheko kilikatika Najat alipotokea kwenye ngazi. Alikuwa anatoka kliniki. Pamba ilikuwa bado iko mkononi pale walipomtoa damu, na mfuko wa kaki wa dawa ameukumbatia kifuani. Akaona gari, akaona sare, akaona mchele. Akakaa palepale kwenye jiwe la ngazi.

"Najat," Jovina akamwita, "njoo, marehemu anataka kutukaribisha chai."

Hakujibu. Wote wakamtazama, wakingoja. Mimi moyo wangu ukashindwa. Nikasema badala yake. Nilisema yote. Jina la ugonjwa, mwaka ulioanza, vidonge vya asubuhi na vya jioni, wiki sita za kitandani, mpaka habari ya jabali la bluu nikawaonyesha kwa kidole. Nilikuwa nadhani ninamtua mzigo.

Jovina akamwendea, akaketi naye kwenye ngazi. "Sasa mbona hukuniambia, mdogo wangu? Mimi ningekuombea ukae mchana tu. Mwaka mzima ninahangaika kutafuta mtu wa mchana!"

Najat akainuka, akapita katikati yetu, akaingia ndani akafunga mlango. Hakuupiga. Aliufunga polepole, na hiyo ndiyo iliniuma.

Ikabaki shauri la mchele. Mimi nilitaka waurudishe. Jovina akakataa, kwao Bukoba mchele ulioingia msibani hautoki. Mzee Abubakary akatoa hukumu: kama hakuna maiti hakuna rambirambi, basi hiyo sasa ni sadaka ya uzima wa Bi Mwaija, na sadaka huliwa. Bahasha yao ya mchango niliwarudishia kama ilivyokuja. Mchele nikaupika, maharage nikayaunga, Mzee akasoma dua fupi ya kunishukuria uhai, na watu wakala mpaka ukoko. Nimehudhuria misiba mingi maishani. Ule wangu ulikuwa na chakula kizuri.

Jioni Najat alitoka, akakaa karibu yangu, akachukua ukoko uliobaki.

"Mke mwenza," akasema, "umenisaidia. Lakini yale maneno yalikuwa yangu."

"Ulikuwa kimya, mjukuu wangu."

"Nilikuwa nayatafuta."

Miaka sabini na moja ninayo, na sikuwa nimejifunza kumsubiri mtu. Nikamwahidi kwamba siku nyingine nitakaa kimya hata ulimi ukiota majani.

Hotelini hakudumu. Meneja hakuwa mtu mbaya, ila alishachoka na habari ya vyumba, na hii ya misiba ikawa juu yake. Mkataba ulipofika mwisho hakuuongeza. Najat akashuka. Si kama ile mara ya kwanza, maana dawa zilikuwa zinafanya kazi, lakini alishuka. Nilikuwa nampelekea uji saa moja kamili. Akinywa robo kikombe nashukuru robo, akinywa nusu nashukuru nusu. Siku ya kumi na tisa alikuja jikoni mwenyewe akasema uji umepungua chumvi. Nilifurahi nikatia chumvi mpaka ukaharibika.

Akaanza kutafuta kazi, na sisi sote tukaanza kumtafutia, kila mtu na yake. Shamsa alitaka akauze naye vitenge. Mzee Abubakary alitaka kumfundisha saa, ingawa saa zenyewe siku hizi watu wanaangalia kwenye simu. Na mimi, usinicheke, nilimchagulia biashara ya dagaa. Nilifikiri hivi: wavuvi wa dagaa hutoka wakati wa giza, na mbalamwezi ikija hupumzika, maana taa zao hazivuti dagaa mbele ya mwezi mweupe. Kazi ya kupanda na kushuka, nikaona ndiyo hasa ya mtu wa kupanda na kushuka. Nikampelekea muuguzi hesabu hiyo nikijiona nimegundua kitu. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Bibi, dagaa hupokelewa alfajiri saa kumi. Usingizi wake utakuwa wapi?"

"Juu ya ndoo ya maji," nikasema kwa aibu, nikikumbuka kalenda yangu.

"Mtafutieni kazi inayoanza jua likiwepo na kwisha jua likiwepo. Hizo nyingine mwachieni mwezi."

Kazi ya namna hiyo haikai barabarani ikakungoja. Najat aliomba sehemu sita. Nilikuwa nampigia pasi gauni moja, lile la kijivu la kola nyeupe, mpaka kola ikaanza kung'aa. Kila mahali walimuuliza kwa nini aliacha hoteli, na kila mahali akasema, "Mkataba uliisha," akatazama chini. Wakasema watampigia.

Aliyetukomboa ni Jovina. Alikuja Jumapili baada ya misa, amevaa kitenge cha kwaya, amebeba mkungu wa matoke kichwani.

"Shikamoo, marehemu."

"Marahaba. Karibu kuzimu, keti."

Akatuambia jirani yake kule Kirumba, Mzee Machibya, ana banda la nyavu. Anaunga nyavu mpya na kushona zilizochanika, na mshonaji wake mmoja kaolewa Sengerema.

"Zamu za usiku zipo?" Najat akauliza haraka.

"Nyavu usiku? Utaona jicho la wavu kwa macho gani? Wanaanza saa mbili, saa kumi wanakunja."

Nikamtazama Najat. Alikuwa tayari anazitazama kucha zake, kama anazipima kwa kazi.

Mzee Machibya akamchukua kwa mwezi mmoja wa majaribio. Ni Msukuma wa Misungwi, mrefu, mwembamba, hodari wa maneno. Banda lake ni nguzo na mabati tu, upande mmoja uko wazi kutazama ziwa, na upepo unapita. Nyavu zimening'inia toka darini kama vyandarua, maboya yamepangwa kwenye magunia, na wanawake watano wamekaa kwenye vigoda, kila mmoja na sindano yake bapa iliyojaa uzi. Siku ya kwanza, Mzee alimtania Najat mpaka watu wakamwonea huruma.

"Tazameni mtoto wa hotelini! Anashika sindano kama anajipaka wanja. Wewe, samaki hawataki kupendezwa, wanataka kukamatwa."

"Nitawakamata wamependeza, mzee," Najat akamjibu.

Mzee akacheka, na kuanzia hapo akamwita Mama Wanja.

Wiki ya pili alikuwa anashona tundu la ukubwa wa sinia bila kurudia fundo. Jioni akirudi ananieleza habari za macho ya wavu, makubwa na madogo, na namna tundu linavyotafutwa kwa kupitisha mkono, si kwa kutazama. Anakula, anaoga, saa tatu usiku amelala. Nilikuwa namsikiliza anavyokoroma, nasema alhamdulillahi. Shamsa alipiga simu.

"Na hapo pia usiseme, Najat. Umeona yaliyotokea."

"Yaliyotokea ni kwa sababu sikusema, mama."

"Subiri kwanza wakuajiri."

Najat hakubisha. Ila usiku ule hakukoroma mapema.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyokuja kukutana. Mwezi wa majaribio ulikuwa unaisha Ijumaa, na siku hiyo Mzee Machibya ndipo angesema nani anabaki. Wiki hiyohiyo ilikuwa ya mbalamwezi. Mitumbwi yote iko nchi kavu, na matajiri, ndivyo tunavyowaita wenye mitumbwi, wakawa wanamwaga nyavu bandani. Wote wanazitaka kabla giza halijarudi. Na Jumatano katikati yake, kliniki.

Jumanne mchana nilipeleka chakula. Ugali kwenye hotipoti, sato wa kukaanga, na mchicha kwenye bakuli la bluu lenye mfuniko. Kwa kweli chakula kilikuwa kisingizio, nilitaka kumwona uso. Nikamkuta amekaa mwisho wa mstari, sindano inakimbia, lakini midomo ameikaza.

"Mwadila, mama," Mzee Machibya akanisalimu kikwao. "Karibu. Mjukuu wako ana mikono, nani kamfundisha?"

"Kasuka nywele zangu tangu ana miaka saba."

"Basi kichwa chako ndicho chuo." Akageukia wanawake, akapiga makofi mawili. "Sikilizeni! Tajiri wa Igombe anataka nyavu zake Alhamisi. Kesho hakuna wa kukosa. Na nyie wenye mikono myepesi, Mama Wanja ukiwemo, kila mmoja atabeba wavu mmoja nyumbani akaumalizie usiku. Nimenunua taa za sola, zina mwanga kama saa sita mchana, hamtakuwa na la kusingizia."

Wanawake wakaguna. Sindano ya Najat ikasimama.

Nilijua anachohesabu. Usiku mmoja wa taa, halafu wa pili, kisha kuongea haraka. Na akikataa, Ijumaa hiyo inakuja. Akachomeka sindano wavuni, akasimama.

"Mzee, kesho sitakuwepo."

Mzee akamgeukia.

"Kesho? Kesho ya wapi? Umenisikia lakini?"

"Nimekusikia."

"Kwa nini?" Mzee akamtazama, na naona alimwona anavyohangaika, akamwonea huruma. Akamsaidia kwa namna tunavyosaidiana. "Una msiba? Kama ni msiba sema tu, msiba haukatazwi."

Alimwekea mkononi! Kilichobaki ni kuitikia. Neno moja, akapewa siku, akapewa na pole. Najat akanitazama. Sijui alikuwa anamtazama bibi yake au anamtazama mtu wa kuzikwa. Ulimi wangu ulikuwa umeshajaa maneno, mawili ya kumtetea na matatu ya kumwomba Mzee. Nikafunua bakuli la mchicha, nikalifunika. Nikalifunua tena. Nilikuwa nimeahidi, nikaona bora niungue kuliko kusema.

"Hapana, mzee," Najat akasema. "Sina msiba. Watu wangu wote ni wazima."

"Sasa?"

"Kesho ni kliniki yangu. Nina ugonjwa unaitwa bipola. Ni wa akili."

Mwanamke wa karibu yake akavuta kigoda kando. Akavuta kidogo tu, lakini wote tuliona, hata yeye mwenyewe akaona, akakirudisha.

Mzee Machibya akajikuna shingo. "Unaambukiza?"

"Ungekuwa unaambukiza, mzee, huyu bibi ninayelala naye chumba kimoja angekuwa nao."

"Mama, unao?"

Nikatikisa kichwa tu. Sikufungua mdomo, na Mungu ndiye shahidi wangu jinsi ilivyokuwa kazi.

"Anafanya hivyo kila mara?" Mzee akamwuliza Najat. "Hasemi?"

"Leo ndiyo mara ya kwanza," Najat akasema, na wanawake wakacheka, na mimi nikacheka, na hata banda likaonekana limepata hewa.

Mzee hakucheka. Akavuta gunia la maboya, akakaa juu yake, magoti yake marefu yakamfika kifuani. Alikuwa na sura ya mtu aliyeletewa wavu wa aina asiyoijua, anatafuta pa kuanzia.

"Kliniki nenda," akasema. "Nani atamkataza mtu kliniki? Lakini mimi si daktari, binti yangu. Mimi nina matajiri wananipigia kelele. Ningejua mapema ningepanga mapema. Nimeona mikono yako, sitaki kuipoteza, na sitaki kukuvunja. Sasa sema mwenyewe. Unataka nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo. Nasema kweli. Mama yake hakumwuliza, Mzee Abubakary na saa zake hakumwuliza, na mimi niliyemchagulia dagaa sikumwuliza. Wimbi likapiga ukingoni, likarudi, na mtu mmoja kule nje alikuwa anapiga misumari kwenye mtumbwi. Hakuna aliyemharakisha.

"Nataka kazi hii," akasema. "Naipenda, mzee. Naipenda kuliko ya hoteli. Lakini naitaka ya mchana tu. Wavu wa kubeba nyumbani siutaki, hata taa iwe kama jua, maana nikikosa usingizi nitawashonea nyavu nzuri wiki moja, halafu sitainuka mwezi mzima. Nataka Jumatano moja ya kila mwezi, na nitaifidia Jumamosi. Mkiniona nimeanza kuongea haraka haraka, nataka mniambie usoni, msinong'one nyuma yangu. Na siku nikiwa chini, siwezi kuchangamka, nataka niruhusiwe kuja hivyohivyo, nikae pale mwisho, nishone kimya, bila mtu kuniuliza nimeudhiwa na nani. Hayo tu. Nilitaka kuyasema tangu siku ya kwanza."

Mzee Machibya akaichomoa sindano wavuni, akamrudishia mkononi: "Basi keti ushone, Mama Wanja, jua bado lipo."